Diwani wa Choo cha Buluu

Gaudiosa Rwegoshora alipochaguliwa kuwa diwani, kaka yake wa Bukoba alipiga simu kumpongeza, kisha akaomba namba ya dereva wake. Gaudiosa akamwambia hana dereva, ana baiskeli. Kaka akauliza:

"Ya serikali?"

"Ya kwangu. Na sasa hivi ina pancha."

Tangu siku hiyo, kule nyumbani wanaamini kwamba dada yao anaficha gari ili asiombwe lifti.

Ukweli ni kwamba udiwani wa Uswidi haulishi mtu. Mchana Gaudiosa hufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao: huwavalisha soksi, huwapa dawa, huwasikiliza wakimsema vibaya mwenzake aliyekuja jana. Jumatatu moja kila mwezi, saa kumi na mbili jioni, huvua sare, hupaka uso mafuta na kuingia ukumbi wa manispaa, akakaa upande wa upinzani, karibu na dirisha linalopitisha baridi. Upinzani una viti ishirini. Watawala wana ishirini na kimoja. Kwa hiyo kila hoja ya upinzani hushindwa kwa kura moja, kwa adabu kubwa, halafu washindi na washindwa hula keki za mdalasini kutoka sahani moja. Manispaa yenyewe iko kwenye reli ya kwenda Upplands Väsby, na jina lake tuliache, kwa sababu watu wake husoma kila kitu.

Hotuba yake ya kwanza barazani ilikuwa fupi kuliko alivyokusudia. Kila diwani hupewa dakika tatu. Gaudiosa, mtoto wa mikutano ya hadhara ya Kagera, alianza kwa kumtambua Mheshimiwa Mwenyekiti, makamu wake wawili, katibu, viongozi wa vyama vyote, wananchi watano waliokaa nyuma, na fundi wa vipaza sauti. Alipofika kwenye "sasa naomba niingie kwenye mada", taa nyekundu ikawaka. Akarudi kukaa. Kumbukumbu za kikao hicho zinasema kwamba diwani huyo alisalimia.

Baadaye alijifunza kubana salamu, na wananchi walijifunza kumletea kero. Walimletea lifti zilizokwama, taa za njiani zilizozimika, basi lililohamishiwa kituo kingine bila kumwuliza mtu. Alizisema zote, na zote zilishindwa kwa kura moja. Lakini kero iliyompa jina ilikuwa choo.

Choo hicho kilisimama katika kiwanja cha kati, kando ya duka la dawa: kibanda cha chuma kilichopakwa rangi ya buluu, tundu moja, bure, mlango unaojifunga wenyewe kwa mguno kama wa mtu aliyechoshwa na wageni. Kilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa Filip Åkerlind, mwenyekiti wa kamati ya viwanja na majengo, kijana mwenye tabasamu zuri na raba nyeupe, alitaka kiondolewe na mahali pake pawekwe bustani ndogo ya maua yenye taa. Alikuwa na mchoro. Katika mchoro kulikuwa na watu wanaotembea, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kubanwa.

Mumewe Gaudiosa, Japhet Mbwambo, alikuwa dereva wa basi mstaafu, miaka sitini na saba, na mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu tezi dume ianze kumtawala. Daktari alimpa vidonge na maneno ya kutia moyo. Vidonge vilisaidia kidogo. Japhet akaanza kuijua Stockholm upya. Watu wengine wanaujua mji huu kwa makumbusho na madaraja yake; yeye aliujua kwa milango yake midogo. Bredäng, maktaba, ulizia kwenye kaunta. Rissne, mkahawa wa Mturuki, nunua chai kwanza. Stesheni kuu, krona kumi, na foleni. Na kiwanjani kwao, choo cha buluu, bila malipo, hatua thelathini kutoka kwenye benchi alipokaa kila siku na rafiki yake Januari na wazee wengine wawili, wakizozana kuhusu soka na kuhusu nani kati yao angekuwa waziri kama asingepanda ndege.

Hakuna aliyejua isipokuwa Gaudiosa. Januari, aliyeona rafiki yake akiinuka na kupotea kila baada ya nusu saa na ushee, aliamua kwamba Japhet ana mwanamke wa nje anayempigia simu, na akaitangaza habari hiyo kwa heshima. Japhet aliambiwa. Hakuikanusha. Kati ya mzinifu na kikojozi, alichagua la kwanza. Gaudiosa naye, mwanamke wa Kihaya mwenye fahari zake, alipita sokoni na kanisani akionewa huruma, akimeza.

Mwezi wa kwanza mwaka huo choo kilifungwa wiki mbili kwa matengenezo. Japhet hakutoka nje hata siku moja. Alisimama dirishani akitazama maegesho ya magari. Alipanga viungo vya jikoni kwa alfabeti ya Kiswidi, hata Gaudiosa akashindwa kuona bizari mchana kweupe. Siku ya tisa aliacha kunyoa ndevu. Siku ya kumi na moja mkewe alimkuta amekaa kitandani amevaa koti na kofia, tayari kutoka, na hatoki.

Kwa hiyo Filip alipoleta mchoro wake, Gaudiosa hakuona maua. Aliona lile koti.

Wiki moja kabla ya kikao cha Februari walikuwa jikoni. Gaudiosa alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Anitha," Japhet akasema, "huko barazani sema unachotaka. Lakini mimi simo."

"Humo kwenye choo?"

"Simo kwenye hotuba."

"Nitasema 'mzee mmoja'."

"Mzee mmoja ndiye nani? Diwani Mtanzania ni mmoja, mume wake ni mmoja. Watahesabu mpaka wanifikie."

"Basi nitasema 'wazee wengi'."

"Sema wengi."

"Lakini hao wengi hawasemi kitu, Japhet. Wako kama wewe."

"Ndiyo maana ni wengi."

Anitha, binti yao, aliyekuja kula na kupumzika, akapaza sauti kutoka sebuleni, kwa Kiswidi: "Alla kissar, pappa!"

Kila mtu anakojoa. Japhet akamgeukia mkewe. "Umesikia? Tulizaa mtu, wakatupa Mswidi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niahidi."

Gaudiosa akaahidi.

Katika kikao cha Februari alisimama akasema wazee wengi, na kina mama wenye mimba, na madereva wa teksi, wote wanakitegemea choo kile. Alizungumza vizuri. Filip naye akajibu vizuri zaidi, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa.

"Namheshimu sana Gaudiosa. Lakini tumeangalia rejista. Katika miaka mitano, kamati haijapokea hata barua moja ya mwananchi anayesema anakihitaji choo hicho."

"Mimi nimeambiwa na watu zaidi ya arobaini," Gaudiosa akasema.

"Wameandika?"

"Wameniambia."

Filip akatabasamu kwa upole. Katika nchi hii, jambo ambalo halikuandikwa, likapokewa na kupigwa muhuri, ni kama ndoto uliyoota kwenye treni. Uamuzi uliwekwa kikao cha Machi.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa umoja wa wasemaji wa Kiswahili katika ukumbi wa kupanga kule Rissne: Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongomani, sufuria tatu za pilau na watoto wanaogombana kwa Kiswidi chini ya meza. Gaudiosa alipanda juu ya kiti.

"Kila siku mnanililia kuhusu choo. Sasa andikeni!"

"Si tumeshakuambia wewe?" mtu mmoja akauliza.

"Mimi si rejista."

"Sasa wewe ni diwani wa nini?"

Watu wakacheka. Mzee Obedi, Mkongomani, akatikisa kichwa. "Mheshimiwa, kwetu mutu akiandikia l'État, serikali, barua, anatafuta kufungwa."

"Hapa hawakufungi, Mzee Obedi. Hapa usipoandika ndipo wanakufungia choo."

Hoja hiyo iliwaingia. Karatasi zikaletwa, kalamu zikaazimwa, vijana waliosoma hapa wakakaa na wazee kuwasaidia Kiswidi. Barua kumi na moja ziliandikwa alasiri hiyo, zikapelekwa kwa mkono. Gaudiosa hakuzisoma. Aliona si adabu kusoma barua za watu.

Hapo ndipo alipokosea.

Kikao cha Machi, Filip alisimama akiwa na bahasha na uso uliojaa furaha ya kweli. Alisema kamati imepokea barua kumi na moja kuhusu choo cha buluu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sanduku la maoni la manispaa lina mafungu matatu: malalamiko, mapendekezo na pongezi. Josefin, mtunza rejista, amezisoma zote kwa makini na kuziweka panapostahili.

"Malalamiko, sifuri," Filip akasema. "Mapendekezo, sifuri. Pongezi, kumi na moja."

Akaomba ruhusa ya kusoma moja. Ilikuwa ya Mama Emérithe, Mrundi, aliyefanya usafi shuleni miaka ishirini. Ilisema hivi:

"Kwa Manispaa yetu mpendwa. Tunatumaini hamjambo nyote hapo ofisini pamoja na familia zenu. Sisi hatujambo isipokuwa goti. Tunawashukuru kwa kuondoa theluji, na kwa maua ya mwaka jana yaliyokuwa mekundu, na kwa choo cha buluu kilichotusaidia miaka kumi na tisa. Mungu awabariki waliokijenga na watoto wao. Tungefurahi kama kingeendelea kuishi. Wasalimieni wote."

Ukumbi mzima ulicheka, hata upinzani, hata fundi wa vipaza sauti. Hakikuwa kicheko kibaya. Ndiyo maana kiliuma.

Gaudiosa alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti na dakika zake tatu. Alielewa yote kwa mara moja. Watu wake waliandika kama walivyolelewa: huingii nyumba ya mtu na shida mkononi, unabisha hodi, unauliza hali, unasifu paa, na shida yako unaiacha karibu na mlango wakati wa kutoka, mwenye nyumba mwenyewe ataiona. Josefin hakuiona. Kwao, shida huingia kwanza, mwenyewe akabaki nje.

Alikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo ingekizima kile kicheko. Ilianza na "mume wangu". Na nyumbani, alijua, Japhet alikuwa anatazama matangazo ya kikao kwenye kompyuta, kikombe cha chai kando yake, hakinywi. Kamera ilikuwa usoni pa Gaudiosa. Watu walioangalia walimwona diwani akifungua mdomo, akiufunga, akimeza kitu kikubwa.

"Naomba jambo hili lirudishwe likachunguzwe," akasema. Sheria inawapa wachache haki hiyo, mara moja tu kwa kila jambo. Viti ishirini vilitosha. Uamuzi ukasogezwa hadi Aprili.

Asubuhi yake alimpigia simu Mama Emérithe kabla hata ya kunywa chai, akiwa ameweka spika ili asuke nywele.

"Mama Emérithe, mbona hukulalamika?"

"Nililalamika! Haukusoma? 'Tungefurahi kama kingeendelea kuishi.' Hiyo ni hasira, Mheshimiwa. Hiyo ni hasira kabisa."

"Ungeandika tu: msikitoe."

"Aa! Kwa watu wenye sijaonana nao?"

Gaudiosa akakata simu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine katikati. Japhet alikuwa mlangoni.

"Kwa nini hukusema jana?" akauliza.

"Niliahidi."

"Nilikuona."

"Basi kama uliniona usiniulize." Akachomeka kichana kwenye nywele kama anayechoma mkuki. "Watu wote wanajua Wapare. Kwenu mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Kabila zima linashitaki! Mimi Mungu akanipa Mpare wa kwanza duniani anayeogopa kuandika malalamiko."

"Kesi ya kuku ni ya kuku," Japhet akasema. "Hii ni ya suruali."

Kisha Japhet akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mtu akiandika, nani anaweza kuisoma?"

Gaudiosa hakumdanganya. Karatasi ikishapokewa ofisini ni mali ya umma. Yeyote anaweza kwenda kuiomba, bila kusema yeye ni nani wala anaitakia nini.

"Hata Januari?"

"Januari Kiswidi chake kinaishia kwenye bei."

"Nasma anasoma."

Nasma alikuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la Waswahili wa kaskazini ya mji, watu mia mbili na kumi na wawili, na alisoma kila hati ya manispaa kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, televisheni imekuwa mbaya. Gaudiosa akavaa sare akaenda kazini.

Siku nne baadaye, Japhet alivaa suti, akafunga tai, akaenda ofisi ya manispaa, ambako alianza kwa kupita msalani. Kisha akaenda kwenye kaunta ya Josefin na karatasi moja. Josefin, msichana mwenye miwani ya duara, aliisoma. Akaisoma tena.

"Hii ni pongezi au malalamiko?" akauliza. Alikuwa amesikia kilichotokea, na safari hii hakutaka kukosea.

"Tafuta salamu humo."

Josefin akatafuta. "Hakuna."

"Basi."

"Unajua kwamba itakuwa hati ya umma?"

"Ndiyo maana nimevaa tai," Japhet akasema.

Josefin akapiga muhuri. Japhet akarudi nyumbani na hakumwambia mkewe kitu, isipokuwa kwamba bizari iko kwenye herufi G, kwa sababu Waswidi huiita gurkmeja.

Kikao cha Aprili kilianza jua likiwa bado juu ya paa la stesheni. Gaudiosa alikuja na hotuba ya dakika tatu ambayo yeye mwenyewe hakuiamini. Filip alisimama kwanza. Raba zilikuwa zilezile, tabasamu halikuwepo.

"Rejista imebadilika," akasema. "Pongezi kumi na moja. Malalamiko, moja." Akampa mwenyekiti karatasi. Mwenyekiti, mama wa miaka sabini na nne aitwaye Magdalene, mtu wa chama tawala na wa sauti kavu, akavaa miwani akaisoma kama ilivyo.

"Kwa manispaa. Naitwa Japhet Mbwambo. Nina miaka sitini na saba. Nahitaji kwenda haja ndogo kila baada ya dakika arobaini. Kutoka nyumbani kwangu hadi kiwanjani ni dakika kumi na nne, na kurudi kumi na nne. Choo cha buluu kikiwepo, nakaa na wenzangu siku nzima. Kisipokuwepo, nina dakika kumi na mbili za kukaa nao. Niliendesha basi la mji huu miaka ishirini na sita, kwa hiyo hesabu hii ni sahihi. Nalalamika."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alikohoa, akajuta.

Gaudiosa aliitwa kuzungumza. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti akiwa ameacha karatasi yake kitini. Hakumtambua mheshimiwa yeyote.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Sikujua kwamba ameandika. Hizo dakika kumi na mbili mimi nimeziona. Zilimkalisha kitandani na koti. Sina zaidi."

Katibu akamwinamia mwenyekiti akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi: je, diwani anaruhusiwa kupiga kura katika jambo linalomgusa mume wake?

"Kama kukojoa kunamnyima mtu kura," Magdalene akasema, "basi hapa hakuna wa kupiga. Mapumziko, dakika kumi."

Katika mapumziko hayo Gaudiosa alitoka kwenda kunawa uso. Mbele ya choo cha wanaume palikuwa na foleni, na foleni ile, kwa mara ya kwanza, aliitazama. Walikuwa saba, wote wenye mvi, wanne wao wa upande wa serikali. Walitazama viatu vyao. Wa mwisho alikuwa Jonas, mpima ardhi mstaafu, miaka sabini na minane, ambaye katika miaka sita hakuwahi kumwambia Gaudiosa zaidi ya habari ya jioni.

"Thelathini na tano," Jonas akasema, bila kugeuza kichwa.

"Nini?"

"Dakika." Foleni ikasogea hatua moja. "Mumeo ana bahati."

Waliporudi, kura zilipigwa. Kila diwani hubonyeza kitufe na taa huonekana ukutani. Choo kibaki: ishirini. Choo kiondoke: kumi na tisa. Taa mbili hazikuwa za upande wowote. Jonas alikuwa anachunguza dari kama anayetafuta mahali linapovuja, na jirani yake alikuwa anamsaidia kutafuta.

Filip alimfuata Gaudiosa kumpa mkono. "Maua tutayaweka upande wa pili," akasema. "Ni mchoro tu, unageuzika." Mtu mzuri, kwa kweli, bado kijana, kibofu chake hakijamfundisha kitu.

Gaudiosa alirudi nyumbani kwa baiskeli akamkuta Japhet amekaa palepale mbele ya kompyuta.

"Ulisema koti," Japhet akasema.

"Ulisema dakika arobaini."

"Koti halikuwemo kwenye barua yangu."

"Mpare mshitaki!" Gaudiosa akamwambia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza tumboni kwake, na kwa muda wakawa hivyo, mke amesimama na mume amekaa, kompyuta ikiendelea kutangaza mjadala wa maegesho.

Nasma alihitaji hadi saa tatu asubuhi. Picha ya barua, muhuri na kila kitu, ikaingia kwenye kundi, na chini yake tafsiri ya Kiswahili, kwa sababu Nasma hafanyi kazi nusu. Japhet alizima simu. Simu ya mkewe ikapokea vicheko, vikaragosi vya maji, pole, hongera, Mungu ni mwema. Mtu aliuliza kama dakika arobaini ni pamoja na chai au bila. Ilikuwa mbaya kama Japhet alivyoogopa, na ilidumu siku moja na nusu. Halafu ujumbe wa namna nyingine ukaanza kuingia, mmoja mmoja, nje ya kundi. Mzee Obedi aliuliza jina la daktari. Mkenya wa Bredäng, ambaye hakutaja jina ingawa namba yake ilimtaja, aliandika tu: "Mimi ni thirty. Usiku usiulize."

Siku ya tatu Januari alikuja mlangoni, amekasirika.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Hakuna," Japhet akasema.

"Hata mmoja?"

"Ingia, Januari, mlango unapitisha baridi."

"Mwaka mzima nakutetea kwa watu! Nasema mwacheni, ana nguvu zake. Kumbe ulikuwa unakojoa." Akaingia, akavua viatu, akakaa. Hapo Gaudiosa akamletea chai, naye akakitazama kikombe kwa mashaka, akainywa nusu.

"Shemeji," akamwambia Gaudiosa, "huko barazani hamwezi kuongeza na kingine pale kituo cha basi?"

"Andika."

"Nitaandika. Nitaanza na salamu kidogo tu."

"Januari!"

"Basi, basi. Bila salamu. Lakini watasema sikulelewa."

Jumatano ya wiki hiyo Gaudiosa alikuwa kazini, akipita kiwanjani kwa baiskeli kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, akiwa amechelewa dakika sita. Wazee wanne walikuwa kwenye benchi. Japhet alikuwa amenyoa. Alikuwa anawaeleza jambo kwa mikono, kuhusu penalti fulani, na ghafla akasimama katikati ya sentensi.

"Jamani, mimi naenda kukojoa," akasema kwa sauti ambayo mama aliyekuwa akitoka duka la dawa aliisikia vizuri, ila hakujua Kiswahili.

"Nenda," Januari akamjibu. "Lakini usikae huko. Tuko watatu nyuma yako."